Maji ya Kupozea

Mshale ulikuwa umelala kwenye sabini
miaka kumi na minne, kama paka aliyezoea mto wake.
Jumamosi ile, tulipopita chini ya daraja la Puumala,
ukainuka.
Themanini. Tisini.
Nikapunguza mwendo, ukarudi kulala.
Nikaongeza, ukaamka tena,
na harufu ya rangi inayoungua
ikapanda kutoka chini ya kiti.

“Ikitembea inapoa, ikikimbia inachemka,”
alisema Ensio kwa simu,
“basi maji yanaingia, ila hayatoshi.”
Akakata. Ensio huongea
kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo.

Nikaanzia maji yanapoanzia.
Nikauinua mguu wa injini,
nikalala kifudifudi gatini, shavu kwenye ubao,
nikayakwangua matundu kwa msumari:
jani la yungiyungi, uzi wa kuvulia,
konokono mmoja, ambaye nilimwomba radhi.
Nikawasha. Tisini.

Kidhibiti joto tulikichemsha juu ya jiko la sauna,
kwenye sufuria ya viazi.
Saimi, mjukuu wangu, alishika kipimajoto
akahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mbio.
Kwenye sabini na moja kikafunguka,
taratibu, jicho la mtu asiyetaka kuamka.
Kizima. Saimi akakipigia makofi.
Mimi sikupiga.

Pampu iko ubavuni, ndani kabisa,
mahali ambapo mkono hauingii
ukiwa na saa, wala ukiwa na pete.
Nikavua vyote viwili nikavitia kikombeni.
Skrubu ya nne ilidondoka chini ya injini
nikatamka neno ambalo Saimi alilihifadhi.
Mabawa ya mpira: moja, mbili, tatu,
nne, tano, sita. Laini. Hayana hata ufa.
Oiva aliyaweka mwenyewe, Agosti ile.

Basi ndoo.
Nikachomoa mpira wa maji kabla ya kipoza mafuta ya usukani,
Saimi akazungusha ufunguo, sekunde tano:
mkondo, ndoo ikacheza.
Nikaurudisha, nikachomoa wa upande wa pili:
kama mkojo wa mzee.
Ugonjwa uko kati ya ndoo mbili.

Nikaingiza kidole, kisha koleo ndogo.
Likatoka bawa.
Likatoka jingine, na nusu ya la tatu,
meusi, magumu kama ganda la mkate wa juzi,
yamefuga majani ya ziwa misimu miwili,
uzi juu ya uzi, mpaka njia ikafungwa.

Lakini yangu yalikuwa sita.
Nilikaa na hesabu hiyo muda mrefu,
miguu ikining’inia majini.

Agosti ile pampu ya zamani ilikatika.
Oiva alishuka na spana, akapanda baada ya nusu saa,
akifuta mikono kwa shati zima badala ya kitambaa.
“Imekwisha,” alisema.
Hakuhesabu vilivyobaki. Hakutafuta vilivyokwenda.
Yeye, aliyekuwa akihesabu hata viberiti.
Barua ya hospitali ya Mikkeli
ilikuwa tayari mfukoni mwa ovaroli yake;
niliiona Oktoba, nilipofua.

Nilitaka kumkasirikia.
Nilimkasirikia, kwa kweli,
mpaka nilipofunga kibano cha mwisho.

Jioni tulikwenda hadi kisiwa cha miti iliyoungua na kurudi,
kasi yote, mawimbi yakitupiga chini ya tumbo.
Sabini. Sabini. Saimi hakuacha kuutazama mshale.
“Umelala,” alipiga kelele. “Nyanya, umelala!”

Vipande viko dirishani jikoni, juu ya gazeti.
Nimejaribu kuviunganisha: bado nusu bawa halijulikani lilipo.
Ensio anasema litajitokeza lenyewe.
Nikajimiminia kahawa, nikanywa hadi mwisho,
na meno yangu yakagonga pete.